Tusimcheke mgeni kwa sababu ya lugha

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakutuambia, hata hivyo, tumweleze kwa lugha gani pa kulima. Swali hilo lilinijia nilipozuru shule moja ya msingi mjini Malaba, upande wa Kenya.

Mwalimu wa Kiswahili alimsimamisha msichana ambaye wazazi wake walikuwa wamehama kutoka Tororo, ng'ambo ya mpaka, akamtaka aeleze habari za kwao. Binti alisema, "Nyumba yetu mpya ni mdogo." Darasa likaangua kicheko. La kusikitisha ni kwamba mwalimu naye alicheka. Msichana akaketi, wala hakunena tena hadi kipindi kikaisha.

Ndugu msomaji, hebu tulipime kosa lenyewe. Ikiwa nyumba ni "mpya", kwa nini isiwe "mdogo"? Mtoto yule alikuwa amesikia kanuni akaifuata. Asilolijua ni kwamba m ya "mpya" si ile ya "mtu". Ni sauti ya puani ya ngeli ya nyumba, ambayo hutamkwa m mbele ya p na n mbele ya d. Ndiyo sababu twasema nyumba mpya, nyumba ndogo. Ni wangapi kati ya waliocheka wangaliweza kuyaeleza hayo?

Wakati wa mapumziko nilimwona binti huyo akicheza na wenzake kwa Kiteso bila kigugumizi. Wateso wako pande zote mbili za mpaka, kama walivyo Wasamia huko Busia. Waingereza ndio waliolihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda mwaka wa 1902 na kulitia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na hatimaye jamaa wa ukoo mmoja wakajikuta raia wa nchi mbili. Kwa hiyo uwanjani msichana yule alikuwa kwao. Ugeni wake ulianzia mlangoni mwa darasa.

Yamkini mtu atauliza, mbona hakukijua Kiswahili? Jibu limo katika historia. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa nchini Uganda mwaka wa 1973, lakini raia wengi walikuwa wamezoea kukisikia vinywani mwa askari, tena katika miaka ya hofu. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka wa 2005, na mwaka wa 2022 baraza la mawaziri likaazimia kifunzwe kwa lazima shuleni. Mzazi aliyekijua Kiswahili kama lugha ya kambini hawezi kulaumiwa kwa kutomwimbia mwanawe kwa lugha hiyo.

Najua walimu watanijibu kwamba mtihani haumwulizi mtahiniwa ametoka wapi. Ni kweli. Kosa lazima lisahihishwe, na mwanafunzi anayeachwa nalo kwa huruma hakusaidiwa. Lakini kusahihisha si kudhihaki. Mwalimu angeandika ubaoni "nyumba mpya" na "nyumba ndogo", kisha akawauliza wanafunzi wote tofauti imetoka wapi. Angemwuliza pia binti yule Kiteso husemaje. Angeambiwa kwamba mwanamume ni Etesot, mwanamke ni Atesot, na wengi wao ni Iteso. Hapo darasa lingeona kuwa lugha ya mgeni nayo ina viambishi vyake mwanzoni mwa maneno, na mgeni angepata pa kuanzia.

Siku hizi kuvuka mpaka kumerahisishwa. Tangu mwaka wa 2014 Mkenya na Mganda huweza kusafiri kwa kitambulisho cha taifa, na mwaka wa 2018 marais wa nchi hizi mbili walifungua kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia. Lakini ruhusa ya kuingia nchini haimfanyi mtu ajihisi yuko nyumbani. Kazi hiyo tumeachiwa sisi majirani, na hasa walimu na wanafunzi.

Wahenga hao hao walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile Malaba, kosa la mgeni lingaliweza kuwafunza wenyeji sarufi ya lugha wanayojidai kuijua. Badala yake walicheka, wakaikosa faida hiyo, naye akanyamaza.