Same Ipi? Jinsi ya Kuuliza Simu Ikajibu Sawasawa

Ukitaka kuona jinsi simu inavyoweza kukupoteza njia, fungua Google uandike neno moja tu: Same. Wewe mwenyeji wajua kuwa Same ni mji wetu, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Simu haina habari hiyo. Kwa Kiingereza neno hilo maana yake ni "ileile", nalo limeandikwa katika kurasa zisizohesabika. Tena iko Same nyingine, mji wa nchi ya Timor-Leste huko Asia. Na SAME nyingine ni trekta za Italia, za kampuni iliyoanzishwa Treviglio mwaka 1942.

Milima yetu nayo haikusalimika. Pare kwa Kihispania ni amri ya kusimama. Katika nchi kadhaa za Amerika ya Kusini imeandikwa hivyo kwenye vibao vya barabarani. Kwa Kiindonesia pare ni tunda chungu linalopikwa kama mboga. Mamba, kwa Waingereza, ni nyoka. Gonja ni kabila la watu wa kaskazini ya Ghana, na Suji kwa Kihindi ni unga wa ngano wa chengachenga. Sidhani kama iko wilaya nyingine iliyoonewa kwa majina kama hii yetu!

Basi kosa si la simu wala si la mtandao. Sharti kwanza tujue kazi inavyofanyika. Ukiuliza jambo, Google haitoki saa ile kwenda kulitafuta duniani. Imekwisha kutuma programu zake mapema, zikasoma kurasa moja baada ya moja, na maneno yaliyomo yakaandikwa katika rejista kubwa mno. Wewe ukiuliza, inafungua rejista hiyo.

Sisi makarani twaijua kazi hii. Mtu akija ofisini akasema, "Namtafuta Maria," nitamwambia akae aanze kuhesabu, maana akina Maria wamejaa kitabuni. Lakini akisema Maria binti wa fulani, aliyebatizwa mwaka fulani, wa kigango fulani, nampata kabla chai yake haijapoa. Na simu ni vivyo hivyo. Usiandike "hali ya hewa Same". Andika "hali ya hewa Same Kilimanjaro Tanzania". Maneno mawili yakizidi, Timor na trekta zinakaa kando.

Kama jina lina maneno mawili, lifunge kwa alama za kunukuu, hivi: "Mamba Miamba". Hapo unaiambia Google kwamba maneno hayo yafuatane kama ulivyoyaandika. Na kama kitu usichokitaka kinakuja kila mara, kitangulizie kistari bila kuacha nafasi: pare -Indonesia. Ni mambo madogo, lakini yanaokoa bando.

Sasa tuje kwenye tangawizi, maana huko Mamba na Miamba ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Mkulima ana maswali ya namna mbili, wala hayaulizwi kwa njia moja. Akitaka bei, lazima ataje Tanzania na mwaka huu, kwa kuwa bei ya nchi nyingine au ya miaka mitano iliyopita haimfai kitu. Lakini akiwa na ugonjwa shambani, majani yamekuwa ya manjano na tunguu linaoza, asijifungie hapa kwetu. India ndiyo inayoongoza duniani kwa kulima tangawizi, na wataalamu wake wameandika mengi sana juu ya kuoza huko. Hawakuandika kwa Kiswahili. Basi mwombe kijana wa sekondari aandike "ginger" pamoja na dalili kwa Kiingereza, au aandike jina la kitaalamu, Zingiber officinale, linalotumika nchi zote. Kurasa zenye kuaminika zitakuambia neno moja: usichukue mbegu katika shamba lenye ugonjwa.

Lakini tazama anayesema ni nani. Google tangu ilipoanzishwa na Larry Page na Sergey Brin mwaka 1998 imekuwa ikihesabu, pamoja na mambo mengine, kurasa ngapi zinaelekeza kwenye ukurasa fulani. Ni kama kusema: huyu anatajwa na wengi, apewe kiti cha mbele. Kutajwa na wengi si kusema kweli. Tena baadhi ya yanayotokea juu kabisa ni matangazo yaliyolipiwa, nayo yametiwa alama. Na siku hizi pengine utakuta jibu lililotungwa na mashine yenyewe, ambalo laweza kuwa na makosa. Muuza dawa akikuambia dawa yake huponya kila ugonjwa wa tangawizi, mwonyeshe afisa ugani ukurasa huo kabla hujatoa fedha.

Habari ya fedha inanileta kwenye matokeo ya mitihani. Wazazi wengi huandika "matokeo darasa la saba" basi, kisha hugusa ukurasa wa kwanza wanaouona. Wengine huangukia matokeo ya miaka iliyopita. Wengine huangukia ukurasa wa mtu binafsi, wenye matangazo tele, na wapo watu waovu wanaotumia siku hizo kudai fedha ili wakuonyeshe matokeo au wamtafutie mtoto nafasi ya shule.

Angalia mwisho wa jina la tovuti, yaani kabla ya mstari wa kwanza wa mshazari unaofuata jina hilo. Ofisi za serikali yetu huishia na go.tz. Jina laweza kuanza na necta likaishia na com. Hilo si la Baraza la Mitihani. Ili upate kurasa za Baraza peke yake, andika hivi, bila nafasi baada ya nukta mbili: site:necta.go.tz, kisha matokeo ya darasa la saba na mwaka wenyewe. Ukifika, chagua mkoa wa Kilimanjaro, halafu Same, halafu shule ya mtoto. Hulipi ada yoyote kuyatazama, ila bando lako.

Siku yenyewe ya matokeo watu huwa wengi na ukurasa hukawia kufunguka. Usikimbilie tovuti nyingine kwa sababu hiyo. Jaribu tena usiku, watu wakiwa wamelala.