Je, Wajua? Bastola Ndogo na Mzigo Wake

Je, wajua kwamba Lagangabilili ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka uleule Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa? Hapa ni nchi ya pamba na ng'ombe. Msimu wa pamba ukifunguliwa, au siku ya mnada, watu hutembea na fedha taslimu, na ndipo wafanyabiashara huanza kuulizana kuhusu bastola ya kubeba kiunoni.

Je, wajua kwamba ulinzi uliowapa Wasukuma jina haukutegemea bunduki? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa upande wa Kahama walichoshwa na wezi wa ng'ombe, wakaanzisha sungusungu kwa pinde, mishale na filimbi. Utaratibu huo ukaenea Usukumani na Unyamwezini kote, ukiwa na viongozi wake, mtemi na katikiro. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa, wanaume hutoka, na anayebaki kitandani hujieleza kesho yake. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili kuwatambua sungusungu. Mwenye bastola asiyeitikia mwano wa jirani amepoteza ulinzi mkubwa kuliko ule alioununua.

Je, wajua kwamba mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka? Miaka miwili baadaye, Mkataba wa Brussels ukabana biashara hiyo katika sehemu kubwa ya Afrika. Udhibiti wa silaha kwetu una zaidi ya karne moja.

Je, wajua kwamba bastola iliyomuua Mwanamfalme Franz Ferdinand mjini Sarajevo mwaka 1914 ilikuwa ndogo ya kubebwa mfukoni? Ni Browning ya mwaka 1910, iliyotengenezwa Ubelgiji na kiwanda cha FN, yenye uzito wa takriban gramu 590. Vita Kuu ya Kwanza iliyofuata ilifika hadi huku, na jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Je, wajua kwamba silaha za raia Tanzania Bara zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991? Maombi huanzia chini, kijijini au mtaani, yakapanda kupitia kamati za ulinzi na usalama na polisi. Watu wa kwanza kuulizwa habari zako ni wale wanaojua ukilewa unakuwaje na ukigombana na mkeo unafanya nini. Wengi hulalamika kwamba njia hiyo ni ndefu. Mimi naona hapo ndipo sheria ina akili, kwa sababu hakuna daktari wala afisa wa mbali anayeijua hasira ya mtu kuliko jirani yake. Sheria hiyo pia inadai mwombaji athibitishwe kuwa anaweza kuitumia silaha.

Je, wajua kwamba leseni ni ya mtu, si ya nyumba? Mke, mtoto au dereva wako hana ruhusa ya kubeba bastola yako, hata kwa dakika tano za kukusindikiza benki.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Je, wajua kwamba kosa la kwanza la wanunuzi ni kutaka ndogo kuliko zote? Bastola nyepesi hupiga teke kali zaidi mkononi, na mtutu mfupi hufupisha umbali kati ya vilengeo, hivyo shabaha inakuwa ngumu. Ndiyo maana bastola za ukubwa wa kati, kama Glock 19 iliyotoka mwaka 1988 ikiwa na mtutu wa milimita 102, zimependwa na polisi wa nchi nyingi. Ishike ikiwa tupu: kiganja kijae kwenye mpini, ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio bila kuupindisha mkono, na uweze kukoki bila kuhangaika. Ukishindwa hata moja, hiyo si yako, hata kama bei yake inavutia.

Je, wajua kwamba si kila risasi ya "milimita tisa" inaingia kwenye kila bastola ya milimita tisa? Ile ya 9×19, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger na kutoka mwaka 1902, si sawa na 9×18 ya Makarov ya Kirusi. Urefu wa ganda unatofautiana, na kichwa cha risasi ya Makarov ni kinene zaidi. Soma maandishi yaliyo kwenye mtutu, kisha soma yaliyo kwenye kitako cha risasi, kabla ya kulipa.

Je, wajua kwamba bastola mpya haifai kubebwa siku ya kuichukua? Mara nyingi hutoka kiwandani na mafuta ya kuizuia kutu, si ya kulainisha. Ifungue, isafishe, ipake mafuta kidogo. Springi zake bado ni ngumu, na magazini nayo ni mpya. Wapiga shabaha wengi hufyatua risasi 200 hivi uwanjani kabla ya kuiamini, na katika hizo huhakikisha zimo za aina ileile watakayoibeba. Ikikwama, huandika ilikwama na magazini ipi na risasi ipi, kwa sababu mara nyingi ugonjwa uko kwenye magazini. Kwetu kununua risasi kunahitaji kibali, kwa hiyo panga bajeti ya mazoezi pamoja na bei ya bastola. Asiyemudu risasi za kujifunzia bado hajamudu bastola.

Je, wajua kwamba mafuta mengi ni adui katika vumbi la kiangazi la Simiyu? Hushika vumbi na kugeuka tope ndani ya mashine. Futa mpaka ubaki unyevu mwembamba tu.

Je, wajua kwamba risasi ya 9×19 huweza kuruka zaidi ya kilometa moja na nusu? Bati na mlango wa mbao haviizuii. Anayefyatua hewani kwenye sherehe hajui itatua uwanja wa nani, na mtu anayefanya hivyo anastahili kunyang'anywa leseni.

Je, wajua kwamba kuibeba bastola mfukoni pamoja na funguo ni hatari kuliko kuiacha nyumbani? Inahitaji mkoba mgumu unaofunika kifyatulio chote, hasa kwa anayepanda bodaboda kwenye makorongo. Nyumbani ikae kwenye sanduku la chuma lililofungwa ukutani, na ufunguo ubaki kwako. Juu ya kabati na chini ya godoro watoto wanapajua.

Je, wajua kwamba mwenye silaha akifariki, silaha hairithiwi kama ng'ombe? Familia huipeleka polisi, na mrithi anayeitaka huanza maombi yake upya.

Je, wajua kwamba Umoja wa Afrika uliutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari, na kwamba Jeshi la Polisi Tanzania limewahi kutoa msamaha wa namna hiyo? Ikiwa nyumbani kwenu kuna gobore la marehemu babu au bastola isiyo na karatasi, mwone mtendaji wa kijiji au nenda kituo cha polisi uulize utaratibu kabla hujaibeba njiani.