Kurudia mahojiano, si kurudia majibu (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulitazama vibali: kile cha Bodi ya Filamu, kile cha Wizara ya Mambo ya Ndani kwa anayetaka kuingia kambi ya wakimbizi, na hodi ambayo mgeni hana budi kuipiga kwa mwenyekiti wa kijiji kabla hajafungua begi la kamera. Leo tunafika mahali ambapo wanafunzi wengi wanaotengeneza filamu ya makala hukwama. Wamesharudi mjini, Kasulu au Kibondo mkoani Kigoma, wamefungua picha kwenye kompyuta, na wamekuta sauti ya mzee imemezwa na mvua juu ya bati. Au sauti ni safi kabisa, lakini katika nusu saa nzima mzee hakusema neno ambalo mtazamaji hakulijua. Wanaamua kurudi. Uamuzi huo ni sahihi. Kosa huja wakifika, pale wanapomwomba mzee aseme tena yale aliyoyasema juzi. Hoja yangu ni kwamba kurudia mahojiano ni halali, na mara nyingi ni lazima, ila kinachopaswa kurudiwa ni kazi ya kuuliza. Jibu likirudiwa kwa ombi la mwenye kamera, huwa limeshageuka kuwa maigizo.

Mambo ya ufundi hayahitaji maneno mengi. Katika nyanda hizi mvua hunyesha tangu Oktoba hadi Mei, nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati, na wakati wa kiangazi vumbi la barabarani huingia kila mahali. Anayevaa hedifoni na kusikiliza dakika moja ya ukimya kabla ya swali la kwanza ataepuka nusu ya matatizo hayo. Mahojiano yaliyoharibika kwa namna hii ni hasara, lakini hayana siri.

Penye siri ni pale sauti ilipotoka vizuri na maneno yakawa matupu. Chukua mfano wa wanafunzi wanaotaka kueleza Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972 na kuwahamisha Waha kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika hadi kwenye vijiji. Mzee ameketishwa barazani, mwenyekiti yuko pembeni, vijana wamejaa dirishani, na swali linaulizwa kwa Kiswahili cha darasani: operesheni ilileta athari gani? Mzee atajibu kama mtu aliyesimama mkutanoni. Atasema serikali iliwaleta pamoja, wakapata shule na zahanati, maisha yalikuwa magumu lakini wakazoea. Hajasema uongo. Amejibu swali alivyoulizwa, mbele ya watu aliowekewa. Sasa warudi siku nyingine, wakae naye karibu na jiko au shambani, swali liulizwe kwa Kiha na mwanafunzi mwenyeji wa huko, na liwe dogo: migomba mliyoiacha kule, nani aliivuna? Jiwe la kusagia lilibebwa na nani? Usiku wa kwanza hapa mlilala chini ya nini? Hapo mzee analazimika kukumbuka, kwa sababu hakuna jibu lililokwisha kuandaliwa kwa maswali hayo.

Kwamba mahali na wasikilizaji huamua simulizi itakuwaje si dhana tu. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti katika miaka ya 1985 na 1986 miongoni mwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na kitabu chake kikatoka mwaka 1995. Alilinganisha waliokaa katika makazi ya Mishamo, katika mkoa wa Katavi wa leo, na waliokaa Kigoma mjini. Mishamo alikuta historia ya pamoja, imepangwa, karibu kila mtu akiisimulia kwa mfuatano uleule. Mjini, watu wa asili ileile na msiba uleule hawakuwa na simulizi ya namna hiyo. Walijichanganya na wenyeji na kujieleza kwa njia nyingine. Mwanafunzi anayehoji mahali pamoja, mara moja, hupata simulizi ya mahali hapo, kisha huiita ukweli wa mtu.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba neno la kwanza ndilo la kweli, na la pili limeshafikiriwa mno. Hofu hiyo ina uzito kwa mtu aliyezoea mahakama. Lakini mzee aliyesimulia uhamisho wake kwa miaka hamsini hana neno la kwanza la kukupa. Kamera inapofika, simulizi imeshapita midomoni mwake mara nyingi. Ugumu mkubwa zaidi uko katika kambi mbili za wakimbizi: Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Huko mahojiano si jambo geni. Mtu amehojiwa alipoomba hifadhi, na Mkongo aliyekuwa katika mpango wa kuhamia Marekani amehojiwa tena na tena, akijua kwamba tarehe ikitofautiana na ile ya awali anaweza kuonekana mwongo. Mwanafunzi akienda kwake mara ya pili na kusema, tueleze tena, mtu huyo husikia ofisa anayempima. Atarudia maneno yake kama yalivyo, kwa kujilinda. Ndiyo maana anapaswa kuambiwa mapema, kabla ya kurekodi kwa mara ya kwanza, kwamba watakuja mara mbili, kwamba maswali ya pili yatakuwa mengine, na kwamba anaweza kukataa yote bila kupoteza chochote.

Pingamizi la pili ni fedha na muda: kamera ni ya kuazima, nauli ni ndogo, kibali kina mwisho. Nakubali. Ila dawa yake imo katika mpango wenyewe. Safari ya kwanza iwe ya kusikiliza kwa simu tu, bila taa wala stendi. Ya pili iwe ya kamera. Mtengenezaji wa filamu Robert Flaherty alipopoteza negativu zake za Aktiki kwa moto huko Toronto mwaka 1916, hakusikitika sana, maana picha zile zilikuwa matukio yasiyoshikana. Alirudi Aktiki mwaka 1920 akiwa na mpango wa kumfuata mtu mmoja na familia yake, na filamu iliyotoka mwaka 1922 ikabaki katika historia. Lakini Flaherty huyohuyo aliwaomba wahusika wawinde kwa vyusa ilhali walikuwa na bunduki. Kishawishi hicho kipo hata kwetu, katika umbo dogo: mzee anaombwa avae shati lilelile la juzi ili mtazamaji asijue kwamba siku mbili zimeunganishwa. Asiombwe. Shati likibadilika, mtazamaji ataona kwamba walirudi, na ana haki ya kujua hivyo.

Lililo zito kuliko yote ni maumivu. Claude Lanzmann, katika filamu yake ya mwaka 1985, alimhoji Abraham Bomba, kinyozi aliyelazimishwa kukata nywele za wanawake katika kambi ya mauaji ya Wanazi ya Treblinka. Alikuwa amemfahamu kabla. Kwa ajili ya kurekodi alikodi duka la kinyozi na kumweka kazini, mkasi mkononi. Bomba alishindwa kuendelea, akaomba waache, na Lanzmann akamsihi aendelee. Ni ushahidi wa thamani kubwa. Hata hivyo sioni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili, asiye na mshauri wa kumkabidhi mhojiwa wake jioni ile, ana ruhusa ya kufanya vivyo hivyo Nduta. Akiombwa aache, azime kamera, na asirudi kwa swali hilo.

Ombi langu ni kwa walimu wa vyuo. Mnapopokea filamu, daini pia rekodi zote mbili, kila moja na tarehe yake na maswali yaliyoulizwa, na mzipe alama. Jibu la siku ya kwanza lisikatwe na kubandikwa chini ya swali la siku ya pili. Atakayefanya hivyo afelishwe, hata kama filamu inapendeza.