Kununua nyumba Mabatini, Mwanza: tazama mlima, maji na karatasi kabla ya kutoa fedha

Pamba ikipata bei nzuri, au ng'ombe wakiuzika vizuri mnadani, familia nyingi za Sengerema, Magu, Kwimba, Misungwi na Ukerewe huanza mazungumzo ya aina moja: tununue nyumba Mwanza. Mtoto mmoja anasoma chuo, mwingine ana kibanda cha biashara sokoni, na kodi ya vyumba vyao inatoka kwa wazazi walioko kijijini. Mzazi anapiga hesabu na kuona kwamba kodi ya miaka kadhaa ingekuwa sehemu nzuri ya bei ya nyumba ya familia.

Dalali akishaambiwa kiasi cha fedha kilichopo, mara nyingi huelekeza kidole vilima vilivyo karibu na katikati ya jiji. Mabatini ni mojawapo ya maeneo hayo. Makala hii inaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kununua nyumba Mabatini, au mtaa mwingine wa Mwanza unaofanana nayo, ili mali ya miaka mingi isiishie kwenye nyumba isiyokalika au isiyo yako.

Mabatini ni mahali gani?

Mabatini ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Iko kandokando ya Barabara ya Nyerere, ile inayotoka mjini kwenda Buzuruga, Nyakato, Igoma na Kisesa, hadi Magu na Musoma. Chini kuna bonde la Mto Mirongo, unaopeleka maji yake Ziwa Victoria. Juu kuna vilima vyenye miamba mikubwa, na nyumba zimepanda humo zikibanana kati ya jiwe na jiwe.

Sehemu kubwa ya makazi ya vilimani Mwanza ilijengwa na wananchi wenyewe kabla ramani ya mipangomiji haijafika. Mtu alipata kipande, akajenga. Ndugu yake akajenga pembeni. Njia ikabaki pale ilipobaki. Ndiyo maana nyumba nyingi hazifikiki kwa gari, na nyingine hata bodaboda huishia chini.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.1 katika wilaya mbili za Nyamagana na Ilemela. Kadiri watu wanavyoongezeka, ndivyo sehemu iliyo karibu na mjini inavyotafutwa, hata kama iko juu ya mwamba.

Ukaribu una thamani yake

Tuanze na uzuri wa Mabatini. Mwenye afya njema anaweza kutoka huko hadi masoko ya katikati ya jiji kwa miguu. Tuseme nauli ya daladala kutoka mtaa wa mbali ni shilingi 600. Watu wawili wanaokwenda na kurudi kwa siku 22 watatumia shilingi 52,800 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 633,600. Wanaopanda magari mawili hulipa zaidi. Kwa familia yenye wanafunzi na wafanyabiashara wadogo, fedha hiyo ni ada au mtaji.

Nyumba iliyo karibu na mjini pia hupata wapangaji kwa urahisi. Familia inaweza kukaa vyumba viwili na kupangisha viwili. Kwa hiyo anayekwambia usinunue kabisa vilimani hajakutendea haki. Swali la kujiuliza ni hili: nyumba ipi, upande gani wa kilima, na kwa karatasi gani?

Panda mwenyewe, na umpandishe mzee

Kijijini nyumba hupimwa kwa ukubwa wa eneo. Vilimani ipime kwa njia. Hesabu ngazi kutoka barabarani hadi mlangoni. Kisha fikiria watu wa nyumbani kwako: bibi mwenye magoti mabovu, mjamzito, mtoto mwenye homa usiku. Mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku, gari litaishia chini, na mtambeba hadi litakapokuwa. Watu wa vilimani hufanya hivyo, lakini wewe ujue kabla ya kununua.

Njia hiyohiyo hupandisha bei ya kila kitu. Saruji, mchanga, nondo na mabati hufika barabarani kwa gari, kisha hupandishwa kwa vichwa na mabega, na wabebaji hulipwa kwa mzigo. Ukiona nyumba ya bei nafuu inayohitaji ukarabati, waulize mafundi wa mtaa huo gharama ya kupandisha vifaa. Usitumie hesabu za fundi wa tambarare.

Tazama pia mawe yaliyo juu ya nyumba. Mwamba mkubwa hukaa miaka mingi bila kutikisika kwa sababu udongo na mawe madogo yameushikilia. Mvua ikiosha udongo huo, au jirani akichimba chini yake ili kuongeza chumba, mwamba unaweza kuporomoka. Mwanza imewahi kushuhudia mawe yakiangukia nyumba wakati wa mvua na kuua watu. Ukikuta udongo umemomonyoka chini ya jiwe, ukuta una ufa mpya, au mtu anapasua kokoto juu ya nyumba, iache.

Bondeni nako kuna sheria yake

Ukichoka na ngazi, dalali atakushusha bondeni, ambako ardhi ni tambarare na gari linafika. Huko mwenye neno ni mto. Mvua kubwa ikinyesha vilimani, maji hayana udongo wa kutosha wa kuyanywa. Hukimbia juu ya miamba na mifereji hadi Mirongo kwa muda mfupi. Mto ukizibwa na taka, maji huingia majumbani.

Zaidi ya mafuriko kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Aliyenunua ndani ya eneo hilo anaweza kuamriwa kuondoka, na kudai fidia kukawa kugumu. Nyumba iliyo usoni mwa barabara kuu nayo iangaliwe. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Ukiona alama ya X ukutani, usikubali kuambiwa ni ya zamani, uliza TANROADS.

Njia rahisi ya kujua tabia ya mahali ni kwenda wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, au za vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Huwezi kusubiri? Tafuta mstari wa tope kwenye kuta, angalia kama vizingiti vya milango vimeinuliwa, na waulize wapangaji. Mpangaji hana cha kuuza, hivyo husema ukweli upesi.

Maji ya bombani na maji ya chooni

Mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA, imeongeza uzalishaji; chanzo cha Butimba kilijengwa kwa uwezo wa lita milioni 48 kwa siku. Lakini maji kuzalishwa si sawa na maji kufika juu ya kilima, kwa sababu lazima yasukumwe hadi kwenye matangi. Fungua bomba mwenyewe. Uliza maji hutoka siku zipi na saa zipi. Kama kuna ndoo na mapipa mengi uani, umeshajibiwa.

Choo ni jambo ambalo wanunuzi huona aibu kuuliza. Kwenye mwamba, kuchimba shimo refu haiwezekani, na gari la kunyonya majitaka halifiki. Mvua ikinyesha, baadhi ya watu hutapisha vyoo, na uchafu huteremka hadi kwa majirani wa chini. Huko ndiko kipindupindu na homa ya matumbo hupata njia.

Kwa sababu hiyo, kupitia mradi wa LVWATSAN, ulijengwa mfumo rahisi wa majitaka kwenye baadhi ya vilima vya jiji, Mabatini ikiwemo. Mabomba membamba hupita kati ya nyumba na nyumba hadi kwenye bomba kubwa. Nyumba iliyounganishwa na mfumo huo ina thamani zaidi kuliko nyumba yenye vigae isiyounganishwa. Mwombe muuzaji akuonyeshe chemba na ankara, na uhakikishe jina lililo kwenye ankara ndilo la anayeuza na kwamba hakuna deni.

Karatasi: si kila mhuri ni umiliki

Kijijini mpaka hujulikana kwa minyaa, na wazee wakisema "hapa ni kwa fulani", jambo limekwisha. Mjini kumbukumbu ya majirani husaidia, lakini haitoshi. Vilimani Mwanza utakutana na karatasi za aina tatu.

Ya kwanza ni hati miliki. Hutolewa kwa kiwanja kilichopimwa, kwa muda wa miaka 33, 66 au 99. Ina namba ya kiwanja na kitalu, na chini kuna bikoni. Hii ndiyo yenye nguvu zaidi.

Ya pili ni leseni ya makazi, inayotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kwa maeneo ya mjini ambayo hayajapimwa. Muda wake hauzidi miaka 5, kisha huombwa upya. Ni haki halali, ila angalia tarehe ya kuisha.

Ya tatu, na ndiyo inayokutwa zaidi, ni mkataba wa mauziano wenye mhuri wa serikali ya mtaa. Huu ni ushahidi kwamba watu wawili waliuziana. Si hati miliki, na haumfanyi mtu kuwa mmiliki kama aliyemuuzia hakuwa mmiliki.

Mitaa mingi imepitia urasimishaji, yaani kupima makazi yaliyokwisha kujengwa ili wenyewe wapate hati. Usiridhike na neno "mtaa umerasimishwa". Uliza kama nyumba hii ilipimwa, kama gharama zililipwa, na kama hati imetoka kwa jina la nani. Kisha nenda ofisi ya ardhi ya jiji na ya mkoa na nakala ya karatasi, uombe upekuzi. Hapo utajua mmiliki aliyesajiliwa, kama nyumba imewekwa rehani benki, kama kuna zuio la mahakama, na kama ramani inapitisha barabara sebuleni.

Anayeuza ana haki ya kuuza?

Nyumba nyingi za zamani ni za urithi. Baba alifariki, watoto wako saba, na mmoja anataka kuuza. Muuzaji halali hapo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba barua yake ya uteuzi, na zungumza na warithi wengine, hata walio mbali kwa simu.

Kama ni nyumba ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wa muuzaji. Asaini mbele ya wakili, na wewe umwone kwa macho. Kwa mwenye wake zaidi ya mmoja, mwulize hasa anayeishi katika nyumba hiyo. Uliza pia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama kuna kesi inayoihusu.

Au ununue pembezoni?

Fedha hiyohiyo inaweza kupata kiwanja kilichopimwa upande wa Buhongwa, Kishiri au Nyamhongolo. Huko gari linafika, choo kinachimbika, na hati hupatikana kwa njia iliyonyooka. Lakini utaanza kujenga upya, na nauli itakuwa mzigo wa kila siku. Kwa vijana wanaofanya kazi sokoni na wanaohitaji vyumba sasa, nyumba nzuri Mabatini inaweza kufaa zaidi. Kwa familia inayotaka kumleta mzee mjini aishi miaka yake iliyobaki karibu na hospitali, ngazi mia moja si zawadi.

Kabla ya kutoa fedha

Usitume "kishika nafasi" kwa simu kabla ya kuona nyumba na kufanya upekuzi, hata ukiambiwa kuna mnunuzi mwingine njiani. Piga picha karatasi zote, mipaka yote minne na kitambulisho cha muuzaji. Kubalianeni kwa maandishi nani analipa kodi na ada zipi. Kwa kawaida kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, na ushuru wa stempu ni wa mnunuzi. Lipa kupitia benki ili kubaki na kumbukumbu, mbele ya wakili na mashahidi wa pande zote mbili. Majirani wanaopakana na nyumba wawepo.

Nenda mara tatu: mchana, usiku, na siku ya mvua. Mara mojawapo usiende peke yako. Mchukue mama au bibi, mpande naye taratibu hadi mlangoni, kisha umwache aseme kama ataweza kuishi hapo.