Tajiri wa 2007 Amerudi, Bei Hazikumsubiri

Msomaji mmoja wa Kashikishi, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, mfanyabiashara wa samaki aliyekulia Lubumbashi, ameniletea swali ambalo nimelisikia kwa wengi wa rika lake. Alipokuwa shuleni alicheza RuneScape kwenye intaneti kafe. Huo ni mchezo wa mtandaoni ambao kila mtu hujitengenezea mhusika, akamkuza kidogokidogo kwa kuvua, kuchimba madini, kufua vyuma na kupigana. Mwaka 2008 aliuacha. Safari hii, uvuvi ulipofungwa Ziwa Mweru tarehe 1 Desemba kama kila mwaka na soko likapoa, ameurudia kwa simu. Akaunti ikafunguka. Sarafu zake milioni tatu zipo vilevile, na kamba koche elfu mbili aliowavua siku zile wapo ghalani, wabichi. Lakini hatambui bei hata moja. Silaha aliyokuwa akiiota sasa haina maana sokoni, na kofia ya karatasi aliyowahi kuicheka inagharimu mali ambayo hataipata maishani. Anauliza: utajiri wangu umekwenda wapi?

Hakuna aliyemwibia. Swali lake ni la uchumi, na linajibika kama maswali mengine ya uchumi. Mwaka 2001 mwanauchumi wa Marekani, Edward Castronova, aliukokotoa uchumi wa Norrath, nchi ya kubuni ndani ya mchezo wa EverQuest, akakuta pato la kila mkazi linafikia dola 2,266 kwa mwaka, katikati ya Urusi na Bulgaria za wakati ule. Tangu hapo wataalamu wanaopuuza masoko ya michezo hii wamepungua. Watu wanafanya kazi humo kwa saa nyingi, wanazalisha, wanauziana, na wanapoondoka soko halifungwi kwa ajili yao.

Kabla ya bei, kuna jambo moja linalowachanganya karibu wote wanaorudi. RuneScape sasa ni dunia mbili. Kampuni ya Jagex ya Uingereza iliufungua mchezo huu tarehe 4 Januari 2001, ukawa unachezwa ndani ya kivinjari bila kusakinisha programu ya mchezo, na ndiyo maana uliishi vizuri kwenye intaneti kafe ambazo mashine zake zilikuwa dhaifu na hazikuruhusu mteja kuweka programu. Miaka ikapita, mchezo ukabadilishwa sana, na wachezaji wa zamani wakalalamika kwamba nyumba yao imebomolewa. Februari 2013 Jagex iliwapigisha kura: je, turudishe nakala ya Agosti 2007 iliyohifadhiwa kwenye seva? Kura zaidi ya 400,000 zilipigwa, na ikazaliwa Old School RuneScape. Dunia ilirudi, lakini mali haikurudi. Kila mtu alianza sifuri. Kwa hiyo ukiingia Old School kwa jina lako la zamani ukakuta mhusika hana hata shoka, usipige kelele. Mhusika wako wa 2007 yuko kwenye RuneScape ile nyingine, iliyoendelea kukua bila kukatika. Zote mbili zinachezwa kwa simu: Old School tangu 2018, nyingine tangu 2021.

Sasa bei. Anayeishi Kashikishi hahitaji kitabu ili aelewe jinsi uchumi wa mchezo unavyojaa na kupungua, kwa sababu anaishi kando ya mfano wake. Ziwa Mweru linaingiziwa maji na Luapula kutoka kusini na Kalungwishi kutoka mashariki, na linatoa maji kwa mto Luvua huko Pweto. Mito ya kuingiza ikizidi mto wa kutoa, maji yanapanda mpaka kwenye vibanda vya wavuvi. Kila kitu ndani ya mchezo, iwe sarafu, upanga au samaki, kina Luapula yake na Luvua yake. Ukitaka kujua bei ya kitu baada ya miaka kumi na minane, uliza mambo mawili tu: kinaingia wapi, na kinatokea wapi?

Anza na sarafu. Katika RuneScape hakuna benki kuu inayochapisha fedha. Sarafu huzaliwa jitu linapouawa na kuziangusha chini, au mchawi wa ngazi ya 55 anapotumia uganga wa kugeuza kifaa kuwa dhahabu. Mchezaji mmoja akifanya hivyo usiku kucha ameongeza fedha duniani, na hakuna aliyepungukiwa. Wanaofanya hivyo ni maelfu, kila siku ya mwaka, tangu 2001. Njia za kutoa zilikuwa chache: kununua kwa wachuuzi wa mchezo wenyewe, kulipa gharama za kifo, kujenga nyumba. Luapula ilikuwa pana, Luvua ilikuwa nyembamba. Milioni tatu za msomaji wetu zimekaa ghalani salama huku fedha zikijaa pande zote kuzizunguka.

Silaha aliyoiota ni mjeledi wa Abyssal. Mwaka 2007 mjeledi ulikuwa alama ya mtu aliyefika, kwa sababu jini anayeuangusha haguswi mpaka uwe na ngazi ya 85 katika ustadi wa kuwinda majini, na hata hapo unaua mamia kabla ya kuupata mmoja. Tatizo ni kwamba mjeledi ulikuwa hauchakai. Karibu kila mmoja ulioingia duniani ulibaki duniani. Wawindaji wakaongezeka, wakawa hodari zaidi, silaha mpya zenye nguvu zaidi zikaletwa, na mijeledi ikaendelea kurundikana. Kitu chenye mlango mpana wa kuingilia na mlango mwembamba wa kutokea hushuka bei, hata kama kilianza kama johari.

Kofia ile ya karatasi ni kinyume chake. Desemba 2001 Jagex iliwagawia wachezaji fataki za Krismasi, ndani yake mkiwa na kofia za sherehe, pambo tu lisilokinga hata teke. Mwaka uliofuata hazikugawiwa tena. Mlango wa kuingilia ukafungwa kabisa, huku wa kutokea ukibaki wazi: kila mchezaji aliyeacha mchezo na kusahau neno la siri aliondoka na kofia yake. Bei ilipanda mpaka ikapita sarafu 2,147,483,647, ambayo ndiyo namba kubwa kuliko zote ambayo mchezo ungeweza kuihesabu katika rundo moja. Haikuwa namba ya bahati. Ni kikomo cha namba ya biti 32 yenye alama ya chanya na hasi. Watu wakalazimika kumalizia malipo kwa bidhaa nyingine, biashara ya mali kwa mali, kwa sababu fedha yenyewe ilifika mwisho wa mahesabu.

Na samaki? Hapa naomba msomaji wa Kashikishi anisikilize vizuri, maana ndipo elimu yake mwenyewe inamzidi aliyeutunga mchezo. Kamba koche wa RuneScape huvuliwa kisiwani Karamja kuanzia ngazi ya 40, papa kuanzia ngazi ya 76. Mahali pa kuvulia huhamahama kidogo, lakini hapaishi kamwe. Hakuna kuzaliana wala kizazi cha samaki, na hakuna nyavu zenye macho madogo zinazochota watoto. Mamilioni ya papa wametolewa katika maji yale kwa zaidi ya miaka ishirini na samaki wa kesho bado ni wengi kama wa jana. Mweru haikupewa bahati hiyo. Wazee wa bonde la Luapula wanamkumbuka mpumbu, samaki aliyepanda mto kwa makundi wakati wa mvua kwenda kutaga, na jinsi alivyovuliwa njiani kabla hajataga hadi uvuvi wake ukaanguka mwishoni mwa miaka ya 1940. Baadaye uzito ukahamia kwa samaki aitwaye pale, kisha katika miaka ya 1980 kwa chisense, dagaa wa ziwa hili wanaovutwa kwa taa usiku. Miezi mitatu ya kufunga uvuvi ipo kwa sababu mlango wa kuingilia wa ziwa la kweli unaweza kukauka.

Kinachomwokoa samaki wa mchezo asigeuke kuwa takataka kama mjeledi ni kwamba analiwa. Papa mmoja katika Old School anarudisha alama 20 za uhai, na kila anayekwenda kupigana na jitu kubwa hubeba chakula begi zima na kurudi bila kitu. Samaki wana Luvua nzuri. Ndiyo maana nilimwambia msomaji wetu kwamba wale kamba wake elfu mbili ambao hawajaoza, ingawa hawatamtajirisha, watapata mnunuzi siku hiyohiyo.

Ajabu iliyompata si ngeni kwa watu wa pande hizi mbili za ziwa. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha, na elfu moja ikawa moja. Upande wa Kongo mambo yalikuwa mazito zaidi: mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni tatu za zamani, na mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya laki moja. Aliyeficha noti chini ya godoro Pweto mwaka 1990 akafunua godoro miaka kumi baadaye alikuta karatasi nzuri zenye picha ya Mobutu na hakuna zaidi. Tofauti ni kwamba ndani ya mchezo hakukuwa na vita wala waziri wa fedha wa kulaumiwa. Palikuwa na kanuni zilizoandikwa na watu wachache Cambridge ambao, nina hakika, hawakudhani mwaka 2001 kwamba wanaandika katiba ya uchumi.

Walipogundua, walihangaika. Desemba 2007 walizuia mchezaji kumpa mwenzake mali bila malipo yanayolingana, ili kuwakata miguu wauzaji haramu wa dhahabu. Waliwaumiza pia marafiki waliokuwa wakisaidiana, na wengi wakahama. Biashara huru ilirudi Februari 2011 baada ya kura. Mwaka 2015 Old School ilianza kuuza hati inayonunuliwa kwa fedha za kweli na kuuzika ndani kwa sarafu, na anayeinunua huko hupata siku 14 za uanachama. Mimi huitumia hati hiyo kama kipimajoto: ilianza kwa sarafu milioni chache, na sasa imepita milioni kumi. Desemba 2021 ukaja ushuru, ulioanza kwa asilimia moja, kwenye soko kuu, Grand Exchange, na sehemu ya makusanyo hutumika kununua mali zilizorundikana na kuzifuta. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua ya busara kuliko zote walizochukua. Iliupanua mto wa kutoa bila kumnyima mtu kazi yake. Vilevile Old School kwa kawaida haibadilishi jambo kubwa bila kura, na pendekezo likikosa wingi mkubwa linaanguka. Ndivyo ustadi wa ubaharia ulivyopita kwa wachezaji wenyewe kabla ya kuingizwa mwaka 2025.

Ngazi zake msomaji wetu hazijaguswa na mfumuko. Kufika ngazi ya 99 kunadai pointi 13,034,431, na mwenye 92 ndiyo kwanza yuko nusu ya njia. Kazi hiyo aliyoifanya utotoni imebaki yake, ingawa leo kuna njia za haraka zaidi na heshima ya namba zile imepungua. Kuhusu mtandao asiwe na hofu. Old School huhesabu matendo kila baada ya sekunde 0.6, kwa hiyo amri inayosafiri kutoka Kashikishi hadi seva ya Uingereza kwa robo ya sekunde mara nyingi bado inafika ndani ya pigo lilelile na la mtu wa London. Michezo ya kupigana kwa kasi ingemwadhibu kwa umbali huo. Huu haumwadhibu.

Marafiki zake wa orodha ya zamani wengi hawataingia tena. Hilo sina dawa yake ya kiuchumi, na ni hasara kubwa kuliko sarafu.

Nina onyo moja tu. Atakapoona bei zinamzidi, atatokea mtu wa kumuuzia dhahabu kwa fedha za simu. Dhahabu hiyo ina wafanyakazi wake: kuanzia 2017 hivi, bolivar ilipoporomoka, vijana wa Venezuela walishinda wakiua majoka ya kijani ili wauze sarafu za mchezo, kwa kuwa zilishika thamani kuliko fedha ya nchi yao. Siwalaumu hata kidogo. Lakini kanuni za Jagex zinakataza biashara hiyo, anayenunua hufungiwa akaunti, na wauzaji wengi huishia kuomba neno la siri.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kashikishi, badilisha neno la siri leo, tena liwe refu. Usiuze wala kununua kitu kwa bei unayoikumbuka. Fungua Grand Exchange, tazama bei ya kila kilichomo ghalani, kisha jiulize kinaingia wapi na kinatokea wapi. Kamba wauze. Mjeledi, hata ukiupata, uweke tu, kwa kuwa bei yake haitakusaidia kitu. Na kama unataka kuanza upya pamoja na watu, nenda Old School kwa mikono mitupu.