Kausha, Mwana: Jani Moja la Congo Linalovimba Geto Zima

Oya, mwana wa Ujiji. Sabufa unayo. Taa za LED unazo, zile za kubadilika rangi, geto lote zambarau. Zulia la manyoya unalo, ingawa joto letu na zulia la manyoya ni maadui tangu enzi. Sasa mbona status yako haina vibe? Angalia nyuma yako kwenye hiyo selfi. Ua la plastiki. Limekula vumbi jekundu la Kasingirima mpaka limebadilika rangi, na karatasi ya bei bado imebandikwa. Mwanangu, unatia aibu kata nzima.

Habari ya mjini sasa hivi ni jani. Moja. Limesimama wima, halipindi, halisalimii mtu.

Linaitwa Mason's Congo. Mtandaoni utaliona pia kama Whale Fin, ila kwetu nyangumi hayupo, tuna migebuka, kwa hiyo tubaki na Congo. Jani ni pana kama kasia la mtumbwi, kijani kizito chenye madoa yaliyopauka, ukingo mwembamba wa wekundu wa kahawia. Likila miaka linapita mita moja kwenda juu. Mara nyingi utalikuta hivyo: chungu kimoja, jani moja, basi. Mimea mingine inajaza chumba kwa majani mia na hakuna anayegeuka. Huyu mwamba anasimama peke yake na watu wanatoa simu.

CV yake

Mwingereza mmoja mkusanyaji mimea, Maurice Mason, ndiye aliyeutoa mmea huu Congo akaupeleka kwao. Miaka na miaka ukazunguka kwa wapenzi wa mimea kwa jina la mtaani tu, bila cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2000 ndipo Juan Chahinian akauandikia jina rasmi: Sansevieria masoniana. Baadaye wataalamu wakasoma DNA, wakauhamishia ukoo mzima wa Sansevieria kwenye Dracaena. Jina limebadilika. Bei haijastuka.

Na hapo ndipo ninapomaindi. Congo ipo hapo! Asubuhi ya hewa safi ukisimama Kibirizi unaiona milima yake ng'ambo ya ziwa, bure, bila bando. Mmea umetoka kwa jirani, ukaenda kula bata Ulaya, ukarudi Afrika na lafudhi na bei ya uwanja wa ndege. Halafu wewe wa mwisho wa reli unaambiwa ulipie nauli yake ya kwenda na kurudi.

Sanuka hapa lakini: Congo ni kubwa. Usimtume msela kwenye boti ya Kalemie akakuchumie, atakuletea jani la magimbi na risiti ya soda. Tena mmea haupiti mpakani kwenye begi la nguo. Kuna TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, na kuna vibali, kwa sababu mdudu mmoja wa kwenye mizizi anaweza kumaliza shamba la mtu. Nunua kwa mtu aliyeotesha ndani ya nchi.

Kamati ya wazee imekaa

Ukishauleta nyumbani, jiandae. Maoni yatakuja. Hujayaomba, yatakuja.

Wa kwanza ni dingi. Swali lake halijawahi kubadilika: "Linaliwa?" Haliliwi, mzee. Lina saponini, paka akitafuna anatapika, mbwa naye vilevile. "Sasa linafanya nini?" Linasimama. Dingi anatikisa kichwa na kurudi kwenye redio yake. Kwake yeye mmea ni ule unaotoa mawese. Mingine yote ni magugu yenye bahati.

Wa pili ni bibi. Anasema majani ya madoadoa yanaita nyoka. Jirani yake, bibi wa nyumba ya pili, anasema yanafukuza nyoka. Wapeni kahawa, wakae kikao, wakipatana watujulishe. Nyoka mwenyewe hajapewa taarifa.

Wa tatu ni babu, na huyu ana kesi nzito. Anauona mmea, anasema, "Huo si mkonge huo?" Hapana, babu. Mkonge ni mtu wa Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na mwaka 1893 iliyosalimika mpaka Tanga ilikuwa 62. Miche 62, mwana! Hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote yaliyowavuta Waha kwa maelfu kutoka huku kwenda kuwa manamba, kukata majani kwa kipande, siku thelathini za kazi mpaka kadi ijae. Kwa hiyo babu akiona jani limesimama wima, mkono wake unatafuta panga. Anauliza unalipwa shilingi ngapi. Mwambie halilipi, unalipia wewe. Muda huo utamwona anavyokuangalia. Kausha.

Bei: tusidanganyane

Mason's Congo si mmea wa jero. Unakua taratibu kinoma. Mwaka mzima unaweza kukupa jani moja jipya na usione aibu yoyote. Ndiyo maana muuzaji anavimba: hana kiwanda, ana subira tu, na subira anakuuzia kwa laki. Kwenye DM utasikia bei ya "jani moja, free delivery Dar". Dar! Wewe uko Ujiji, bado basi, bado bodaboda ya kutoka stendi, bado mpakuaji anayeomba ya maji.

Kuna na daraja la juu zaidi, variegata, yenye michirizi ya njano. Hapo ndipo watu wanapigwa. Jamaa anakuuzia kipande cha jani chenye michirizi, anakuapia kwamba mtoto atatoka na michirizi. Fiksi. Ile njano haipiti kwenye kipande cha jani. Mtoto atatoka kijani kitupu. Ukitaka variegata, nunua chipukizi lililogawanywa na shina lake la chini ya udongo, ukiwa umeliona kwa macho yako. Vinginevyo umelipa bei ya dhahabu kwa kijani.

Sheria ni moja: kausha

Sasa malezi. Sikiliza, maana hapa ndipo mabishoo wanapoua.

Hii kitu haifi kwa njaa. Inafia kwenye mapenzi. Lile jani nene ni tangi la maji. Mchana matundu yake ya hewa yamefungwa, yanafunguka usiku, hivyo jua halimwibii maji. Mtu wa namna hiyo ukimwagilia kila asubuhi kwa sababu eti unampenda, mizizi inaoza, na jani halikuambii kitu. Linaendelea kusimama, linapendeza kwenye status. Siku linapoegemea ukuta, ukilibonyeza chini ni teke, limelainika, lina harufu. Mazishi.

Chukua kijiti cha mshikaki. Kichomeke kwenye chungu mpaka chini kabisa, kaa kidogo, kitoe. Kikitoka na udongo umenata, au kimepiga giza kwa unyevu, rudi ukaangalie mpira. Kikitoka kikavu kama kilivyoingia, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu usahau. Kiangazi chetu, Juni mpaka Septemba, wiki mbili au tatu zinapita freshi. Mvua zikishika, kuanzia kwenye Oktoba au Novemba huko mpaka Aprili na Mei, hewa yenyewe ni mbichi. Hata mwezi unapita. Mwagia udongo, usimimine kati ya majani, maji yakituama pale yanaozesha.

Maji gani? Ya mvua ni bora. Maji ya ziwa letu yana alkali, pH yake iko karibu 9, hayatamuua, ila ukiwa na ndoo chini ya bati, tumia hiyo.

Udongo: hapa Ujiji tumebarikiwa. Mchanga wa ziwani hauna chumvi ya bahari, watu wa Pwani wanatuonea wivu. Ila chagua ule mkorofi wenye chembe kubwa, siyo ule laini wa kupigia picha, huo unashikana. Uoshe, uuchekeche, changanya na kokoto ndogo, mkaa uliopondwa na mboji kidogo tu. Udongo mweusi wa bustani peke yake ni kaburi.

Chungu: cha udongo, kizito, chenye tundu. Jani la mita moja kwenye ndoo nyepesi ya plastiki litaanguka siku feni ikiwekwa namba tatu. Huna hela ya chungu? Kata dumu la mawese, lioshe kwa sabuni mpaka liache kuteleza, toboa chini, weka mawe. Siyo ushamba, huo ni ubunifu wa kitaa, ilimradi usiandike jina la demu ubavuni.

Dirisha nalo lina siasa zake. Kila mtu Ujiji anataka dirisha la ziwani. View. Lakini ziwa letu liko magharibi, mwana, na jua la saa tisa alasiri linaingia hapo na hasira zote, linachoma jani alama nyeupe ambayo haifutiki. View baki nayo wewe. Mmea peleka upande wa mashariki, upate jua la asubuhi na mwanga wa kutosha mchana.

Na likija jani jipya, utulie. Linachomoza chini limejisokota, gumu, lina ncha kali, wiki nyingi halifanyi chochote cha kuposti. Halafu linaanza kujifungua kutoka juu, taratibu, ndani likiwa na kijani kibichi kisichoguswa na vumbi. Usilishike ile ncha! Ikivunjika, haioti tena. Wadogo zako na mpira wao, nje.

Mambo ya kufedhehesha

Kupaka jani mafuta ling'ae. Nimeona kwa macho: mtu kapaka mafuta ya mgando, mwingine mawese. Mawese, mwana! Mmea ulikuwa unanukia maharage. Mafuta yanaziba matundu na kukamata vumbi. Kitambaa chenye maji, futa, kwisha.

Kupaka ncha rangi ya pinki. Sijui nani alianza. Amwogope Mungu.

Kununua Sansevieria ya kawaida, ile ndefu nyembamba yenye michirizi iliyojaa kwenye bustani za mahoteli, halafu kuandika "rare" kwenye caption. Tunajua. Mpaka mlinzi wa hoteli anajua.

Halafu ile chai ya kusafisha hewa. "Huu mmea NASA wameuthibitisha." Ni kweli mwaka 1989 NASA walipima mimea ya ndani, lakini kwenye viboksi vilivyofungwa kabisa. Mwaka 2019 watafiti wawili, Cummings na Waring, wakapiga hesabu za vyumba vya kawaida: ili mimea ishindane na hewa inayopita tu dirishani, unahitaji kati ya 10 na 1000 kwa kila mita moja ya mraba. Geto lako lina mita ngapi? Fungua dirisha, fua soksi.

Kama mkwanja haujakaa

Usijinyonge. Kuna Sansevieria cylindrica, mtu wa Angola, majani ya duara, yamechongoka, yanasimama kwa heshima zake. Bei yake inaongeleka. Kuna na mnyaa. Ndiyo, mnyaa ule ule, uzio wa ng'ombe. Ulaya wanaukata kipande, wanautia kwenye chungu cheupe, unakaa sebuleni kwa watu wenye hela. Huku kipande unaomba bure. Ila utomvu wake mweupe ni noma, ukiingia jichoni ni hospitali moja kwa moja, kwa hiyo vaa glavu na usiuweke wanapofikia watoto.

Na mwenye Mason's Congo tayari, acha uchoyo. Jani lililozeeka au lililovunjika ncha likate vipande vya kiganja, weka alama upande wa chini, maana ukipanda kichwa chini haioti. Acha vidonda vikauke siku kadhaa kivulini, chomeka kwenye mchanga, kisha kausha miezi. Mizizi kwanza, mtoto baadaye, labda nusu mwaka, labda zaidi. Kila kipande ni mmea. Wakiwa nao masela kumi wa Ujiji, wakigawana, yule wa laki kwenye DM atashusha bei mwenyewe bila kuombwa.

Kwa hiyo mshkaji akikuomba kipande, mpe. Akikuomba mkopo wa kununulia variegata, block.