Bei ya Usiku Mmoja Kilimanjaro

Kilimanjaro haupandwi kwa kujiamulia asubuhi, ukabeba hema lako na kuondoka. Tangu mwaka 1991 kila mpandaji anatakiwa kuwa na mwongozaji mwenye leseni, na kibali chake hutaja njia atakayopita pamoja na siku atakazokaa mlimani. Langoni anaandika jina, umri, kazi na uraia katika daftari la hifadhi, na kila kambi anayofika anaandika tena. Pembeni wapagazi wanapanga foleni kwenye mizani. Mzigo ukizidi kilo 20 unafunguliwa hapohapo na vitu vinagawanywa upya.

Utaratibu huu naukubali. Bila daftari lile, mtu akipotea kwenye ukungu hakuna ajuaye alionekana wapi mara ya mwisho, na bila mizani mpagazi angebebeshwa kadiri mwenye kampuni anavyotaka. Ninachokipinga ni namna kibali kinavyotozwa.

Mgeni asiye mkazi hulipa dola 70 za kiingilio cha hifadhi kwa siku, na akilala kwenye hema anaongeza dola 50 kwa usiku. Ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, siku moja ya ziada na usiku wake inagharimu kama dola 142, kabla ya chakula na ujira wa wapagazi. Ada ya uokoaji ni dola 20 tu kwa safari nzima. Kwenye ada hizo za kila siku ndipo kampuni zinazoshindana kwa bei hupata pa kupunguzia: zinakata siku.

Tazama njia ya Marangu, ambako watu hulala kwenye vibanda. Mandara ipo mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Mita 1,000 kila unapohama kituo! Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya kupumzika. Anayekwenda kwa siku 5 anapanda maradufu ya hapo, kisha usiku wa manane anaamshwa Kibo ili apande mita 1,175 nyingine hadi kilele cha Uhuru.

Mwili haujui kwamba kibali kinakwisha kesho. Ugonjwa wa mwinuko huanza na kichwa kuuma na kutapika. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, ubongo au mapafu yameanza kujaa maji, na tiba ya kwanza ni kumteremsha mara moja. Machela inayotumika ina gurudumu moja chini, na vijana huishika mbele na nyuma wakikimbia nayo kwenye mawe. Wengi wangeepushwa na safari hiyo kwa kulala Horombo usiku wa pili, wakatembea hadi kwenye miamba ya Zebra Rocks mchana na kurudi kulala palepale.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana, lakini wengi nao huchukua siku 5, hasa wanaopanda kuadhimisha Uhuru Desemba 9. Kwao kinachobana ni likizo na gharama za kampuni. Hatari ni ileile.

TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ndiyo inayopanga ada, na inaweza kuzipanga vingine: siku ya kwanza itozwe zaidi, na usiku wa pili katika kambi ileile utozwe nusu au usitozwe kabisa. Mapato yanaweza kubaki yaleyale, na kampuni haitakuwa tena na sababu ya kumkimbiza mteja. Hadi hilo lifanyike, wewe unayepanga kupanda, uliza kwanza idadi ya usiku, ndipo uulize bei. Ukiambiwa siku 5 zinatosha, tafuta kampuni nyingine.